Nyumba ya Nane

Nilipofika Matrah, bandari ya Omani, mwaka 1964 sikuwa na kazi. Sikuwa na godoro wala blanketi, sikuwa na kanzu ya pili, sikuwa na Kiarabu cha kununulia samaki bila ya kuchekwa, wala jamaa wa kunikaribisha zaidi ya siku tatu. Nilikuwa na mke, Mahbuba, mtoto wa miezi saba, Kheiria, na cheti cha Kiingereza nilichokipata Unguja kwa kusoma skuli ya usiku miaka minne baada ya kazi. Na kiburi. Vitu vingi vilibaki Unguja, lakini hicho nilikuja nacho chote.

Jamaa yangu alinipa makuti ya mtende nijengee kibanda, akaniambia nitafute pahala Darsait, nje ya mji. Nikapata kiwanja kizuri ajabu, tambarare, mchanga laini, hakina mwenyewe. Juu yake, kwenye mwamba, zilibanana familia saba za Zatuti. Hawa ni mafundi wa chuma wanaohamahama. Wananoa visu na kuziba masufuria, na watu huwapa kazi lakini hawali nao. Nimesoma baadaye kwamba Ulaya wapo Waroma, watu wenye maisha kama yao, na wao pia husingiziwa kila kinachopotea. Siku zile nilikuwa sijasoma hayo. Nilichojua ni maneno ya sokoni, kwamba Zatuti huiba watoto.

Mkubwa wao, Mahfoudh, alishuka mara tatu kuniambia nihame, pale ni njia ya maji. Nikatazama, sikuona maji hata ya kutilia udhu. Nikaona anakitaka kiwanja. Nikamjibu kuwa babangu alikuwa na shamba la mikarafuu, na mimi ardhi naijua.

"Basi zifunze karafuu zako kuogelea," akasema, akapanda zake.

Mahbuba, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alicheka mpaka nikamnunia.

Desemba ikaingia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa Arabuni kuna baridi. Upepo wa alfajiri ulipita kwenye makuti kama hayapo, na Kheiria akaanza kukohoa. Kila Jumanne Zatuti walitembelewa na muuguzi Mkristo wa spitali ya misheni, Mhindi wa Kerala, Sista Aleyamma. Alikisikia kikohozi akiwa njiani, akaingia, akaweka sikio kifuani mwa mtoto. Akatwambia asipopata joto atashikwa na kichomi, na mtoto wa umri ule hakistahamili. Kina mama wa kanisa moja la mbali walikuwa wameshona mablanketi, moja kwa kila nyumba ya Zatuti. Akaniuliza aandike na jina langu?

Nikamwambia sisi si masikini, awape wanaohitaji.

Sista alipoondoka, Mahbuba akasema, "Baba Kheiria, mtoto hakohoi kwa umasikini wala kwa utajiri. Anakohoa kwa baridi." Kisha hakusema nami siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi jua lilikuwa limetoka, ila kule milimani kumetanda wingu jeusi. Sikulijali. Kwetu Unguja mvua humrowesha inayemnyeshea. Sikujua kuwa ipo nchi ambayo mvua huwanyeshea wengine na maji yakakujia wewe.

Mahfoudh alishuka mbio. Hakusalimu. Alimnyakua Kheiria kwenye mkeka, akapanda naye mwambani.

"Mwizi! Mwizi wa watoto!" nikapiga kelele. Nikamkimbilia, na Mahbuba nyuma yangu, tukiparamia mawe miguu mitupu. Nilipomfikia nikamkaba shingo. Hapo nikasikia mngurumo nyuma yetu, kama malori mengi kwa pamoja, nikageuka. Maji ya matope yalikuwa yakipita tulipokuwa tumekaa, marefu kuliko mtu, na kibanda chetu hakionekani.

Mahfoudh akanirudishia mtoto. "Ningekuita kwa adabu," akasema, "ungekuja?"

Mama yake, Bibi Masouda, alimfunga Kheiria katika blanketi la nyumba yao, lile lile walilopewa na Sista, hawana jingine. Mchana ule nilikula na Zatuti sahani moja, wali na papa mkavu. Sijala chakula kitamu kama kile, na nimealikwa kwa wakubwa tangu hapo.

Kesho yake maji yalipopungua Sista hakungoja Jumanne, alivuka, tope magotini, akamchoma mtoto sindano ya kwanza. Kichomi kilikuwa kimeshaingia. Akamchukua yeye na mama yake spitali, na kwa kuwa vitanda vilijaa, akawapa chumba chake. Mwenyewe alilala kwenye benchi siku tisa. Mimi nikabaki kwa Mahfoudh, nikimvutia mivukuto ya kupulizia moto wa chuma. Kila jioni nilikwenda Matrah kuuliza hali, na siku ya sita Mahbuba alinipokea mlangoni akilia kwa furaha. Homa imeshuka, na mtoto amenyonya.

Nilimuuliza Sista kwa nini ametufanyia haya, sisi si wa dini yake. Akasema dini yake inamwamrisha asimwache mgeni nje. Nikamwambia na yangu vile vile.

"Basi hatuna la kubishana," akasema. "Nna kazi moja nawe."

Kazi yenyewe ilikuwa barua. Wale kina mama waliomba majina ya nyumba zilizopata mablanketi, na Kiingereza nilikuwa nacho. Nikakaa karibu na moto wa Mahfoudh, nikaandika shukurani kwa mwandiko wangu bora, nikamsomea majina. Akahesabu kwa vidole.

"Saba," akasema. "Na nyumba ya nane?"

Nikamwambia wa nane ndiye mwandishi.

"Mwandishi haoni baridi?"

Bibi Masouda akacheka mpaka akashika mbavu. Nikachovya kalamu. Nikaandika: Thani bin Amur, mkewe Mahbuba, na binti yao Kheiria, aliyepona ndani ya blanketi lenu. Chini yake nikaandika kwamba aliyemwokoa mtoto huyu nilimwita mwizi mbele ya watu wake, na kwamba namwomba radhi. Kwa kuwa Mahfoudh hakujua Kiingereza, nilimsomea hayo kwa Kiarabu changu kibovu, wote wakisikiliza, na safari hii hakuna aliyenicheka. Alinipa mkono.

Nikailamba bahasha, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Asubuhi nikavaa kanzu yangu moja, nikaenda kwa miguu mpaka posta ya Maskati, nikaipeleka.