Mkanda wa Mkwe

Watu wa Kapata, mtaa wetu hapa Kolwezi, wakisikia kwamba mama wa umri wangu anashona ngozi, swali lao la kwanza ni moja: unauzia wapi? Siuzi popote. Nashona kwa sababu jioni ni ndefu na redio inasema yale yale. Jirani yangu Fifi aliniambia kazi ya ngozi ni ya wanaume. Nikamjibu kwamba mwanamume wa nyumba hii yuko makaburini, akitaka nitamwelekeza njia akamuulize kama ananipa ruhusa. Hakurudia tena.

Nilianza baada ya kumzika binti yangu Mwadi. Alikuwa mtoto wangu wa pekee, na baba yake Barnabé alikuwa ametangulia zamani. Mikono yangu ilikataa kutulia, nikaipa kazi. Nilijifunza kwenye simu, kwa kuwatazama Wazungu wenye meza pana na visu vya kila namna. Mimi nina meza ya jikoni na umeme unaokuja ukijisikia.

Yako mambo ambayo watu wa simu hawasemi. Ngozi ya buti kuukuu za mgodini usihangaike nayo kwa kutengeneza mkanda, inavutika na haishiki umbo. Kabla ya kununua ngozi yoyote, idondoshee tone la maji. Tone likiteleza, iache. Likinyonywa na pale mahali pakawa peusi, hiyo imelainishwa kwa magome ya miti, ichukue hata kama muuzaji amenuna. Uzi upake nta ya nyuki. Yangu naipata kwa mwanamke anayeleta asali kutoka upande wa Kapanga. Tumia sindano mbili kwenye uzi mmoja, zipishane katika tundu lile lile, na uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote haufumuki. Alama za matundu mimi nazipiga kwa uma wa mezani, maana meno yake yanaachana sawasawa. Chuma changu cha kutobolea ni njiti ya gurudumu la baiskeli niliyoinoa na kuitia mpini. Na kuhusu mafuta, usipake mawese. Nilipaka mara moja, mkoba ukawa mwekundu na wa kunata, na mende wa mtaa mzima wakaja kuutembelea. Chemsha kwato za ng'ombe, engua mafuta yake yanayoelea, hayo ndiyo ngozi inayapenda.

Lakini nataka kusema habari za Kazadi, mume wa Mwadi.

Sisi ni Baluba wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, tukazaliwa Kolwezi, lakini buko tulikuja nalo. Buko ni ile heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Mkwe hali chakula mbele yangu, hanipi mkono, hanitazami usoni. Tukikutana njiani anapinda. Akiniletea kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Si chuki hata kidogo, ni heshima kubwa. Tatizo lake ni kwamba heshima haiketi na mtu ikanywa naye chai.

Kila Jumapili baada ya misa Kazadi alikuwa anakuja. Anafanya kazi upande wa Kingamyambo, kwenye yale mabaki ya zamani ya mgodi yanayosafishwa upya. Alikuwa anakaa kwenye kigoda uani, mgongo kwenye mlango wangu, nami nakaa ndani nyuma ya pazia. Tunaongea habari za maji, vumbi la malori, bei ya unga. Kisha tunafika kwa Mwadi. Anasema jinsi alivyokuwa anatia chumvi mara mbili kwa kusahau, au alivyokuwa anacheka peke yake akifua. Mimi nasema vya utotoni. Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kunitajia jina la mwanangu. Siku nyingine zote za wiki nilikuwa naishi kwa kuisubiri Jumapili, na sioni aibu kusema hivyo. Upweke ni uvundo.

Sasa, mgane wa kwetu hutolewa kilioni na ukoo wa marehemu. Asipotolewa, bado ni mume wa maiti, na hakuna mwanamke mwenye akili atakayekubali kuingia nyumba yake. Akishatolewa, yuko huru kuoa, na buko linakwisha. Kalenga, mdogo wake Barnabé, ndiye mwenye mikono ya kufanya kazi hiyo, ila hawezi kuifanya bila neno langu. Alinifuata mara nyingi.

"Mama Mwadi, ule mutoto ya batu tutamutosha mu kilio lini?" aliniuliza mara ya mwisho. "Anapashwa kuoa."

"Eko na haraka gani?"

"Haina yeye mwenye kuwa na haraka. Njo weye unamushikilia."

Nilimwambia tungoje kiangazi. Kiangazi kilipofika nikamwambia tungoje mvua. Nilijua ninachofanya. Kazadi akioa atakuwa na mama mkwe mwingine wa kumpa mgongo kila Jumapili, na mimi nitabaki mzee mmoja tu wa Kapata.

Ndipo nikaamua kumshonea mkanda. Nilitaka avae kitu changu, asinisahau upesi.

Mkanda una kipimo chake. Usiamini namba ya suruali. Chukua mkanda ambao mtu anauvaa tayari, pima kuanzia pale unapopinda kwenye bizimu hadi tundu analolitumia. Hilo litakuwa tundu la katikati. Unaongeza mawili huku kwa siku za shibe, mawili kule kwa siku za homa, basi. Ni jambo rahisi, kila fundi atakuambia. Lakini niambie, mama mkwe anaanzaje kumwomba mkwe wake mkanda wa kiunoni? Hata kukifikiria kiuno cha mkwe ni aibu. Ningemtuma Fifi, habari ingefika bombani kabla yake. Basi nikakumbuka siku ya harusi, nilivyomchungulia kupitia dirisha la jikoni akiwa amelijaza koti lake, tumbo mbele kama mkubwa wa ofisi. Nikakata kwa kumbukumbu hiyo. Nikatoboa, nikashona bizimu, nikalowesha kingo kwa maji na kuzisugua kwa kipande cha mninga mpaka zikang'aa. Ulikuwa mkanda mzuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Jumapili nikauweka kwenye kizingiti kabla hajafika. Alipofika aliuokota, akaugeuza mikononi.

"Mama, hii mukanda, we njo ulishona?"

"Njo mi. Uvae, nisikie kama inaenea."

Alinipa mgongo akauvaa. Pazia langu lina upenyo pembeni, nami nilichungulia. Akavuta hadi tundu la katikati. Akavuta hadi la mwisho. Mkanda ukateleza ukamkalia kwenye nyonga, na ncha yake ikaning'inia karibu na goti. Akaikunja ncha haraka, akaibana kwa kiganja ili nisiione.

"Inaenea muzuri, Mama," alisema. "Njo kipimo yangu kabisa."

Akaketi, akaendelea kuongea habari za maji, mkono mmoja umeshika kiuno.

Kwanza nilikasirika, nikajitukana kimoyomoyo kwa kukata bila kipimo. Kisha nikamtazama vizuri kupitia ule upenyo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu msiba. Shingo yake ilikuwa inacheza ndani ya kola. Mabega yameisha. Nilikuwa nimeketi naye Jumapili zote hizo nikisikia sauti tu, na sauti haikondi. Hakuwa na mtu wa kumpikia wala wa kumuuliza kama amekula. Ndugu zake walikuwa wanamkwepa kwa sababu bado ana kifo mgongoni, na kifo hicho mimi ndiye niliyekataa kumtua.

"Weka mukanda chini," nilimwambia. "Mi naongeza tundu."

"Mama, haina lazima."

"Weka chini, Kazadi."

Akauweka kwenye kizingiti, akarudi nyuma. Niliuchukua, nikaulaza juu ya kibao, nikakipitisha chuma changu kwenye nta ili kiingie bila kuchana. Nilitoboa pale nilipopaona kwa macho yangu, mbali sana na tundu la mwisho. Kisha nikaikata ile ncha ndefu na kuichonga upya. Ngozi niliyoikata ilikuwa nyingi, ingetosha kamba ya mkoba. Nikasema nikiwa bado nimeinama:

"Kalenga atakuya ile Siku ya Posho. Tutakutosha mu kilio."

Nikasikia kigoda kikisogezwa uani.

"Mama, mi niko muzuri," alisema. "Tunaweza kungoja."

"Hauko muzuri. Nimeona mukanda."

Jumamosi hiyo, ndiyo Siku ya Posho ya kwetu, Kalenga alikuja asubuhi na udongo mweupe kwenye kikopo. Alimpaka Kazadi kwenye mikono na kifuani, akamwambia amelia vya kutosha, Mwadi amerudi kwa watu wake, asigeuke nyuma. Mimi nilisimama kando kama inavyotakiwa. Kalenga aliponiangalia, nikatamka neno langu: nimemwachilia. Nilitaka lisitoke, lakini lilitoka. Kalenga akamwambia Kazadi kwamba buko limekwisha, anaweza kuingia nyumbani mwangu kama mtoto yeyote. Kisha akapanda pikipiki akarudi mjini, maana alikuwa na msiba mwingine.

Nilikuwa nimepika bukari, ndio ugali wetu, na matamba ya majani ya muhogo, na samaki mkavu. Niliweka sahani mbili. Kazadi aliingia akiwa ameinama, mkanda umemkaa vizuri kiunoni, akaketi mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Alinawa, akamega tonge. Macho yake hayakutoka kwenye samaki.

"Angalia juu, mutoto yangu," nilimwambia. "Sasa inaruhusiwa."

Akainua macho. Nilidhani atatabasamu, hata mimi nilikuwa nimejiandaa kutabasamu. Tonge lake lilibaki hewani.

"Mama," alisema, "ni yeye."

"Nani?"

"Mwadi. Haya macho. Na hii fasi ya mudomo."

Sikuwa nimelifikiria. Naapa sikulifikiria hata kidogo. Tangu Mwadi akiwa mchanga watu walikuwa wanasema nimejizaa mwenyewe, sokoni, kanisani, kila mahali. Ila nani angemwambia mkwe wangu uso wangu ulivyo? Yeye alinijua kwa sauti na kwa upindo wa kitenge. Hata kwenye mazishi nilikuwa nimejifunika. Tulikuwa tumemtoa kilioni asubuhi ile, na kabla ya mchana nilikuwa nimemketisha mbele ya mke wake, amezeeka, anamkaribisha samaki.

Alilia bila sauti. Mimi sikuweza kujificha, nyumba yangu haina pa kujificha, na uso ni huu huu nilio nao. Alijaribu kula ili asinivunjie heshima. Alikula kidogo, akanawa, akasimama.

"Nitakuya tena, Mama."

"Utakuya siku utaweza," nilimwambia. "Oa kwanza."

Alitikisa kichwa kukubali. Alinitazama mara moja tena, haraka, kama mtu anayegusa chungu cha moto, akatoka. Nilijua hatakuja Jumapili, wala ile ya pili yake. Hakuwa na ubaya wowote. Mtu hawezi kutafuta mke mpya huku kila wiki anaketi mbele ya sura hii.

Nilirudi mezani. Nikamaliza sahani yangu. Kisha nikavuta ya kwake, ambayo hadi jana, kwa ajili ya buko, nisingethubutu hata kuitazama, nikaila nayo mpaka ikaisha.