Haibridi ya Kumpeleka Avelina

Siku ya kumpeleka dada yetu Avelina kwa mume wake kule Kamuli, sisi wa Nyaishozi tulikuwa hoi kabla hata hatujaondoka. Wiki nzima ni wageni, maji ya kubeba, ndizi za kumenya. Mimi nilikuwa nasinzia nimesimama, simu mkononi, najikaza kurekodi gari la kaka Lameck. Kwa sababu, jamani, lile gari!

Haibridi, ya injini na betri pamoja. Nyeupe ile ya kumeta kama imenyunyiziwa chumvi. Taa za mbele nyembamba, zimevutwa kwenda nyuma kama macho ya mtu anayekudharau. Pua chini, nyuma kibawa. Imepaki, lakini ukiiangalia unaona kama inaondoka. Na ikiondoka kweli ndiyo usiseme! Ukikanyaga tu, umeme wa betri unashika kabla injini haijaamka, unajisikia kama umesukumwa mgongoni.

"Hiyo ni ya kupigia picha," alisema baba mdogo Gaudiosus, ameegemea pikapu yake kuukuu. "Mtoto apande huku kwangu."

"Baba mdogo, Avelina nilimwahidi," Lameck akajibu. "Nitamshusha mwenyewe mlangoni kwa wakwe."

Hicho tu ndicho alichotaka. Aliiosha tangu alfajiri, macho mekundu, hajala.

Kisha akaja shangazi Sperancia na fungu la nyasi. Kwetu mtu wa heshima hutandikiwa nyasi, hakanyagi patupu. Shangazi akatandika sakafuni, akatandika kiti cha nyuma, akashindilia mpaka pembeni, pale kwenye kitundu chenye wavu.

"Shangazi, umeziba spika," nikamwambia.

"Kwani tunakwenda disko?"

Lameck akacheka. "Ziba tu, shangazi. Leo hatuwashi muziki."

Tukaondoka, sisi mbele, pikapu nyuma na mikungu yake. Tulipopita Omurushaka na kushika njia ya Kyerwa, Avelina alikuwa amelala begani kwa shangazi, shela imemfunika mdomo. Lameck alinionyesha kwa kidole vile vishale kwenye skrini. Tukishuka mteremko, vishale vinarudi kwenye betri, inajaa. Tukipanda, betri inasaidia injini. Alikuwa ananong'ona kama yuko kanisani.

Halafu nyuma pakaanza mlio. Vuuuu.

"Kuna nyuki humu?" shangazi akauliza.

Mlio ukazidi. Tukaanza mlima mrefu, na katikati taa ya njano ikawaka, vile vishale vya betri vikapotea, na gari likaishiwa nguvu. Lameck alikanyaga mpaka mwisho. Injini ikalia peke yake kama blenda, mwendo wa kuzika. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi akatupita.

"Poleni, wanangu," akasema, hata hakusimama.

Gaudiosus akapiga honi. Lameck akaegesha.

"Nini?"

"Imekosa nguvu, baba mdogo."

Nilidhani atamcheka. Hakucheka, naye alikuwa amechoka. "Jua linashuka, Lameck. Wakwe wamesimama."

Lameck akafungua mlango wa nyuma, akaanza kung'oa nyasi pembeni. Kwenye kile kitundu zilikuwa zimeng'ang'ania, zimevutwa ndani. Akaweka kiganja pale, akanitazama.

"Dastan. Hii siyo spika."

Ilikuwa njia ya hewa ya betri. Betri yenyewe iko chini ya kile kiti, na ule mlio ulikuwa feni yake inatafuta hewa. Tuliikaba wenyewe.

"Waitu!" shangazi akashika kichwa. "Ni nyasi zangu?"

"Hapana, shangazi," Lameck akasema. "Ni mlima tu." Akamgeukia Gaudiosus. "Tungoje ipoe. Kidogo tu, baba mdogo."

"Kidogo yako ni kiasi gani?"

Lameck akamtazama Avelina, ambaye alikuwa ameshashuka, gauni amelikunja mkononi lisiguse vumbi.

"Kaka," Avelina akasema, "nimechoka. Nataka kufika tu."

Lameck alizikusanya zile nyasi mwenyewe, akaenda kuzitandika ndani ya pikapu, akamshika dada mkono akampandisha. Ili dada na shangazi wapate nafasi, ikabidi vikapu vya kahawa ya kutafuna na kuku wawili vihamie kwetu, kwenye kiti cha nyuma. Pikapu ikaondoka na moshi wake.

Tulikaa milango wazi, betri ipoe. Baadaye Lameck akawasha. Ile taa ya njano ikazimika. Akakanyaga, na gari likachomoka! Mlima wote tuliumaliza kama tunateremka, kona inakamata, kuku wanayumba nyuma. Nilipiga kelele. Mbele kidogo tukaikuta pikapu.

"Pita!" nikasema. "Kaka, wapite!"

"Gari lenye bibi harusi halipitwi."

Akapunguza. Njia yote iliyobaki tulikula vumbi lao, mguu wa Lameck kwenye breki, betri inajaa na haina kazi. Ule weupe wa kumeta ukawa rangi ya udongo.

Kamuli vigelegele vilianza kabla hatujauona mji. Tulipofika getini, Avelina alikuwa ameshashushwa, anaingizwa ndani, hatukuona hata shela. Kijana wa upande wa wakwe, Twizeyimana, aliyekuwa anapanga magari, akainama dirishani.

"Shikamoo, kaka. Karibuni. Nyie ni gari la nini?"

Lameck akawatazama kuku kwenye kioo, mikono kwenye usukani.

"La mizigo," akasema.

"Basi la mizigo lipite huku, jikoni."

Tukapita nyuma ya nyumba taratibu, kwa umeme mtupu, kimya kabisa. Akina mama waliokuwa wanamenya ndizi hawakugeuka. Lameck akashuka, akawasalimia, akachukua kuku.