Sichezi na Mwalimu Theonest

Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, jina la Josepha lilikuwa mkabala na la Mwalimu Theonest. Alilisoma mara mbili, akahisi uchovu mkubwa kuliko ule wa barabara yote kutoka Kibondo.

Yalikuwa mashindano ya sataranji, kwenye ukumbi mmoja wa Kasulu. Josepha, muuguzi, alikuwa ameshinda michezo miwili. Theonest alishaketi, anapanga kete zake.

"Karibu, sista," alisema, kama asiyemkumbuka.

Miaka miwili nyuma Theonest alikuwa akifundisha Kibondo. Alimpiga mwanafunzi wake Firdausi kofi lililompasua ngoma ya sikio. Josepha ndiye aliyemsafisha yule binti damu.

Akamfuata Nurudini, muuza vitenge aliyesimamia mashindano. "Sichezi na huyu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Alimpiga mtoto wa watu mpaka akawa kiziwi wa sikio moja. Siketi naye meza moja."

Wachezaji wa meza za jirani wakageuka. Nurudini akajikuna kidevu. "Ukiondoka, dada, pointi ni yake."

"Mpe."

Theonest hakubisha. Alitia sahihi kwenye karatasi ya matokeo, akaenda kutafuta chai. Watu wachache wakapiga makofi. Mmoja alikuwa ameshika simu, anarekodi.

Nje, Saady, mwenzake aliyesafiri naye, akamshika mkono. "Dada una moyo! Mimi nisingethubutu."

"Usiseme hivyo."

"Mbele ya watu wote wale?"

Josepha akakaa kwenye ngazi. "Kamati ya shule iliniita nitoe ushahidi. Nikasema sijui kama ni kofi au mtoto alianguka. Bosi wangu alikuwa rafiki yake Theonest, nikaogopa kuhamishwa. Kesi ikafa, yeye akahamia huku. Leo ningepoteza nini?"

Saady alimnunulia maji, wakasubiri gari.

Kesho yake, akiwa ametoka kazini, miguu imemvimba, Josepha alipita sokoni Kibondo. Kuruthumu, mama yake Firdausi, alikuwa anachambua maharage.

"Mwakeye, mama," Josepha alimsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, sista. Nimetumiwa video yako. Shoga zangu wanasema wewe ni jasiri."

"Na wewe unasemaje?"

Kuruthumu alitupa jiwe pembeni. "Nimefurahi ameaibika. Halafu nikalia. Ulikuwa na maneno hayo hayo mdomoni, sista, siku tuliyokuwa tunayahitaji."

"Ni kweli. Nilidanganya." Josepha alichuchumaa mbele ya gunia. "Nataka kuandika niliyoyaona. Nitaweka jina langu, nipeleke kwa ofisa elimu."

"Sasa hivi?"

"Wiki hii."

"Baba yake Firdausi amechoka kuzunguka maofisini. Mimi pia nimechoka. Firdausi mwenyewe hataki kulisikia jina la yule mwalimu."

"Basi niache?"

Mteja akaja, akauliza bei. Kuruthumu akampimia kilo mbili bila haraka, akafunga mfuko, akamwangalia mteja huyo mpaka alipotokomea.

"Njoo Alhamisi nyumbani," alisema hatimaye. "Usiniambie mimi. Umwambie Firdausi kwanza ulichosema mbele ya kamati. Akikubali, tutakwenda."

Josepha aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa pembeni. Jana, mbele ya ukumbi mzima wa Kasulu, sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Upande gani anasikia?" aliuliza.

"Kulia. Kaa kulia kwake."