PT ya Mama, kwa Kirefu

Siku Mama aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mguu wake wa kushoto ukiburuzika kama si wake, mtaalamu wa viungo alimvuta Dada pembeni na kumweleza bila kupindisha.

"Kiharusi kimemwacha hai, shukuruni. Lakini mguu huo usiposimamishwa na kutembezwa kila siku, asubuhi na jioni, utakakamaa. Ukishakakamaa, mama yenu ni wa kitini moja kwa moja. Wiki hizi za mwanzo ndizo zenyewe. Nani atamfanyisha?"

"Tuko wanne," Dada alijibu, tena kwa kujivuna. "Tutapokezana."

Baadaye alipoyakumbuka maneno hayo alitamani kucheka, ila nguvu za kuchekea hakuwa nazo.

Jina la Dada lilikuwa limemganda tangu utotoni. Wadogo zake walimwita hivyo kwa haki, kaka yao mkubwa akalidandia kwa mazoea, na Mama naye akaliona linatosha. Alikuwa mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kutwa macho kwenye kompyuta, akisogeza mistari ya vitabu vya watu wengine. Ndiye aliyeishi na Mama. Na ukishaishi na mama yako, ndugu zako huona kila kilicho chake ni chako peke yako: dawa zake, nguo zake, bafu lake na hasira zake.

Jioni ile ile aliandika kwenye kundi la familia la simu: "Mama PT kila siku, asb na jioni. Pangeni zamu."

Ufupi huo usimshangaze mtu. Mama alikuwa karani wa telegramu posta, enzi zile neno lilipolipiwa moja moja. Mteja akija dirishani na salamu ndefu kama hotuba, Mama alishika kalamu nyekundu, akafyeka "mpendwa", akafyeka "natumaini hamjambo", akambakizia kiini tu, na mteja akaondoka akimwombea heri. Mtindo huo aliuhamishia nyumbani. Watoto walikua wakikuta vikaratasi mezani: OV, osheni vyombo, FD, fungeni dirisha, RM, rudini mapema. Na ole wake aliyejitia hakuelewa. Nyumba nyingine zilikuwa na kelele, hii ilikuwa na herufi, na zilitosha kumwamsha mtu kitandani.

Kwa hiyo Dada hakuona sababu ya kueleza PT ni nini. Isitoshe, mtaalamu mwenyewe alizitamka herufi hizo hospitalini, watoto wote wanne wamekizunguka kitanda. "Kinachomfaa mama yenu sasa ni PT," alisema, yaani mazoezi ya viungo kwa kifupi cha Kiingereza, huku akilikunja na kulinyoosha goti la Mama ili waone. Wote waliitikia kwa vichwa, na Kaka Mkubwa akauliza hata maswali.

Huyo huyo Kaka Mkubwa, fundi umeme wa vile vituo vikubwa vyenye uzio na picha ya fuvu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. "Kwetu PT ni transfoma ya kupimia umeme. Mnataka kumwunga Mama kwenye gridi?"

Akafuata Sonara, mdogo wa Dada, mwenye duka la vito. "Kwangu Pt ni platinamu. Kama Mama anayo, ileteni dukani tuipime."

Kitinda Mimba, binti wa mwisho, aliyefanya kazi katika ofisi ya kutafutia watu ajira, naye hakubaki nyuma. "Huku kwetu PT ni mfanyakazi wa nusu siku. Dada, unataka nikutafutie mtu?"

Halafu akaibuka Mjomba, mwanajeshi mstaafu ambaye kwa kawaida kazi yake kundini ilikuwa kutuma maua kila asubuhi. "Safi sana. PT ni mbio za alfajiri. Uzembe mwiko." Chini yake akabandika picha yake ya ujanani, kifua mbele, kaptura imenyooshwa kwa pasi.

Dada aliyasoma hayo jikoni, akimpozea Mama supu, na ukweli ni kwamba alicheka. Hata yeye akachangia lake. "Kwangu mimi pt ni kipimo cha ukubwa wa herufi. Haya, sasa zamu." Akasubiri. Kundi likanyamaza kimya, kama darasa mwalimu anapouliza nani atafuta ubao. Kesho yake mtu akaitaja tena transfoma, na vicheko vikaanza upya.

Wakati wao wanacheka, kazi ilikuwa palepale. Mama alikuwa na mwili wake, na kumwinua kitini hakukuwa lelemama. Dada alisimama upande wa kushoto, upande uliolala, akashika ule mkanda wa kitambaa ambao mtaalamu alimfunga Mama kiunoni, akapitisha mkono mwingine chini ya kwapa, wakahesabu pamoja, wakanyanyuka. Kisha hatua kwa hatua mpaka mlangoni, kupumzika wamejiegemeza kwenye fremu ya mlango, na kurudi. Mama alichukia kila hatua. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, maneno yanamtoka kwa taabu, hivyo alirudia fani yake ya zamani. "B," alisema akichoka, yaani basi. Dada akijifanya kiziwi, aliambiwa herufi nyingine ambazo haifai kuzifafanua hapa.

Za asubuhi alizimudu, japo kazini alianza kufika amechelewa na mkono uko kiunoni kama bibi kizee. Za jioni zikaanza kumponyoka. Alirudi hoi, akapika, akamwogesha Mama, na alipokumbuka mazoezi Mama alikuwa ameshasinzia. Alijiambia kesho, na kesho ikawa vilevile.

Mtaalamu alipokuja kumkagua Mama, alikishika kisigino cha kushoto, akajaribu kukishusha sakafuni, kikagoma. Uso wake ukabadilika. "Jioni mnamfanyisha?"

"Nikiweza."

"Nakumbuka uliniambia mko wanne."

Maneno yale yalimchoma. Mtaalamu alipotoka, Dada alichukua simu akaandika: "Jamani, PT ya Mama!" Jibu lilikuja upesi, la Kaka Mkubwa. "Kwani bado hamjamwunga?"

Damu ilimchemka. Siku hiyo kiwandani alipanga vichwa vya sura kwa herufi kubwa kupita kiasi, hadi mwenye kiwanda akamwuliza kama kitabu kile kitasomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Dada alitoka nje, akawapigia simu ndugu zake mmoja mmoja. Hakutania na hakusalimia. "Jumamosi nyumbani. Asiyekuja asinijue tena."

Walikuja wote, hilo lazima lisemwe. Walikuja na matunda, na juisi, na Sonara akamletea Mama kandambili mpya, jambo ambalo lilizidi kumtibua Dada, maana za nini kandambili kwa mtu asiyetembezwa. Wakakaa sebuleni, Mama kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Nataka mtu mmoja tu aniambie," Dada alisema, "kwa nini hakuna aliyetia mguu hapa kumfanyisha Mama mazoezi."

"Tungejuaje, Dada?" Kaka Mkubwa alisema, amejinyoosha kwenye kochi. "Umeandika herufi mbili tu. Mimi nikibahatisha herufi kazini, naungua."

"Mimi nilijua umeshapata mtu," Kitinda Mimba alisema. "Nilikuuliza, hukunijibu."

"Kila mtu alikuwa anatania," Sonara aliongeza. "Hata wewe ulitania."

"Nyinyi mliolelewa kwa OV na FD, leo ndiyo PT imewashinda?"

"Hizo zilikuwa za nyumbani," Kaka Mkubwa alisema, na sasa akakaa vizuri, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamefika penye starehe yake. "PT ni ya kila mtu, hapo ndipo pana hatari. Vifupisho vingepaswa kugawanywa, umeme vyake, hospitali vyake."

"Ila kwetu t inakuwa ndogo," Sonara alisema. "Ukitazama vizuri huwezi kuchanganya."

"Sisi ofisini tuna mwongozo," Kitinda Mimba alisema. "Mara ya kwanza unaandika kirefu, halafu ndiyo unafupisha."

Wakaendelea. Yalikuwa mazungumzo mazuri, yenye mifano, na kama yangefanyika mahali pengine Dada angeyafurahia. Pale alihisi kichwa kinataka kupasuka. Alimwangalia Mama, kisha kisigino cha Mama kinachoelea juu ya kandambili mpya, kisha ndugu zake waliokwisha kusahau walichoitiwa.

"Mama anakakamaa," alisema, "nyie mnaendesha semina."

Hapo ndipo ikasikika ko, ko, ko. Mama alikuwa amechukua kijiko cha dawa na alikuwa akigonga mkono wa kiti, kwa mpigo ule ule aliougonga mezani zamani, wakati wa kuwaita kula. Wote wanne, watu wazima wenye ndevu na mvi na mikopo, wakaufyata.

"Mimi," Mama alisema, na wakamsubiri, maana neno la pili lilichelewa njiani. "Mimi nilifupisha, kwa sababu neno lililipiwa." Akavuta pumzi. "Nyinyi mnalipia nini?"

Sonara aliziangalia zile kandambili kama zimeletwa na mtu mwingine.

Kisha Mama akamgeukia Dada, na Dada, ambaye alidhani sasa ni zamu ya kutetewa, akashangaa kuelekezewa kijiko. "Na wewe. Sema kirefu."

"Mazoezi ya viungo, Mama. Wanajua."

Mama akatikisa kichwa. "Hicho cha hospitali. Chako."

"Changu kipi?"

Mama aliendelea kumtazama kwa jicho lile lililokuwa likiwatazama wateja dirishani, wale waliokuja na karatasi imejaa maneno na jambo lenyewe hawajaliandika. Dada akafungua kinywa aseme kwamba hana kirefu chochote, kwamba kila kitu kiko wazi kwa mwenye macho, lakini sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoiandaa.

"Nimechoka," alisema. "Mgongo unaniuma hata nikikaa. Mama akinilemea naogopa tutaanguka wote. Na asipotembea tena, naogopa itakuwa ni mimi niliyemlemaza, kwa zile jioni nilizolala. Siwezi peke yangu. Naomba mnisaidie."

Alipoyasikia maneno yake ndipo alipotambua kwamba hakuwahi kuyasema, wala kwa simu wala kwa mdomo. Aliwatupia herufi mbili na kuwakasirikia kwa kutosoma kilichokuwa nyuma ya herufi hizo. Lakini sasa yalikuwa yamesemwa, na hakuna fundi umeme, sonara wala mtu wa ajira ambaye katika kazi yake maneno hayo yana maana nyingine. Kitinda Mimba alikuwa analia bila kujificha.

Kaka Mkubwa alijikuna ndevu. "Mimi nilielewa," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu siku ya kwanza, pale hospitalini. Siwezi kumwona Mama anaburuza mguu, Dada. Nikifikiria nakosa hewa. Ikaja ile ya transfoma, nikaona nijifiche humo."

Dada alikuwa na jibu la kumpa, tena kali, amelinoa wiki nzima. Alilimeza. Si kwamba alikuwa amemsamehe, ila Mama alikuwa ameanza kugonga tena.

"Nisimamisheni basi. Nimekaa kama furushi."

Kaka Mkubwa akanyanyuka na kwenda kumkumbatia upande wa kulia, kwa nguvu, kama anabeba pipa. Mama akampiga kijiko kwenye kiwiko. "Kushoto. Upande mbovu, mwanangu. Mzima hauhitaji mtu."

Dada alimwonyesha mkanda, akamwonyesha pa kuweka mguu wake mwenyewe, kisha akafanya jambo gumu kuliko yote ya wiki zile. Alikaa chini, akawaacha. Kaka Mkubwa alitetemeka kuliko mgonjwa. Mama alisema B kabla ya kufika mlangoni, na yeye, mgeni wa kazi, akataka kumgeuza. "Hiyo usiisikilize," Dada alimwambia. Wakafika. Kisigino hakikugusa sakafu, bado, lakini kilikuwa kimeshuka zaidi kidogo kuliko asubuhi, au Dada alitaka kuona hivyo.

Jumatatu jioni ilikuwa zamu ya Kaka Mkubwa. Dada alibaki kiwandani akimaliza kitabu chake, na kila mara aliichungulia simu, akijiandaa kusoma udhuru. Ilipolia, alikuta kundini ujumbe mrefu usio na kifupisho hata kimoja.

"Mama amesimama na mimi jioni hii. Tumetembea kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, tukapumzika, tukarudi. Njiani amenitukana kwa kumshika vibaya, halafu akaniambia nimefanya vizuri. Kesho ni zamu ya Sonara, na nimemwonyesha mkanda unavyoshikwa. Dada, chakula kipo, usipike. Samahani sana, mdogo wangu."

Dada aliusoma, akarudia kuusoma. Kidole kikaenda chenyewe na kuandika "ok". Akakiangalia hicho alichokiandika. Akakifuta, akavuta kiti karibu na meza, akaanza tena, taratibu, neno kwa neno.

"Asante, kaka yangu. Bado nimekukasirikia. Lakini leo nitarudi nyumbani nikae, nipumzike."