Mdalasini Kwenye Kitangi cha Plastiki

Bibi alikuwa amebakiza nguo tatu tu za kuanika aliposikia kimya. Na kimya cha mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne si cha kupumzikia, ni cha kukimbilia. Akaliacha shuka likining'inia kwa kibanio kimoja, akaingia ndani mikono ikichuruzika maji.

Mjukuu wake, ambaye kwa kelele zake nyumba nzima ilimwita Chiriku, alikuwa amekaa chini ya meza ya kazi ya babu yake, katulia tuli, vidole viwili mdomoni. Juu yake, ukingoni kabisa mwa meza, mahali ambapo mtoto akisimama na kujinyoosha anafika, ilikuwa imelala ile sigara ya umeme ya babu. Asubuhi kitangi chake kilikuwa kimejaa majimaji ya rangi ya asali. Sasa kilikuwa kitupu, kimeingia ukungu, na nyufa nyembamba zimekienea kama uzi wa buibui.

"Chiriku! Umekula nini?"

Mtoto akavitoa vidole, akamwonyesha. Vilikuwa vinameremeta mate. Akacheka.

Bibi akapiga magoti, akamnusa mdomo. Mdalasini.

Majimaji yale yalikuwa ya ladha ya mdalasini, na ndani yake mlikuwa na sumu ileile ya tumbaku. Lakini biskuti aliyompa mtoto saa nne nayo ilikuwa ya mdalasini. Akamnusa tena, na tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Akapapasa sakafu: kavu. Akapapasa meza: kavu.

"Mzee!" aliita. "Mzee wee, njoo!"

Babu alitoka bafuni na taulo shingoni. Alikuwa fundi saa, mtu wa kutembea taratibu kwa kuogopa kukanyaga skrubu, lakini siku hiyo alivuka chumba kwa hatua mbili. Akamtazama mtoto, akakitazama kitangi, akashika kichwa.

"Nimeiacha mimi hapo. Nilikwenda kuoga nikaiacha mezani. Mimi! Mtu mzima na akili zangu!"

Bibi alifungua mdomo. Kulikuwa na neno alilopaswa kulisema palepale, lakini akachukua simu, akapiga kituo cha afya.

Nesi aliyepokea alikuwa na sauti kavu, isiyo na haraka. "Usimtapishe, mama. Usimpe chochote. Mlete sasa hivi, mje na kifaa chenyewe na chupa ya majimaji. Na mtu mmoja abaki atafute kama yamemwagika mahali. Daktari atataka kujua kiasi kilichopotea kimekwenda wapi."

"Nenda," babu alisema, tayari yuko chini kwa magoti na lenzi yake jichoni. "Nenda, mama. Natafuta."

Kituo kilikuwa mtaa wa pili. Bibi alikwenda kwa miguu iliyosahau kuwa ina baridi yabisi, mtoto begani, mfuko wenye sigara na chupa kwapani, anasema peke yake njia nzima hata muuza magazeti akampisha.

Sasa, neno lenyewe lililomkwama kooni ni hili. Mzee alikuwa amevuta sigara miaka hamsini kasoro mbili. Mwaka uliopita daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, na binti yao akamnunulia sigara ya umeme ili aachane na ile ya moto. Majimaji yake yalikuwa na ladha ya tumbaku, na mzee akanung'unika kila siku: "Hii ni kama kumnusisha mwenye njaa sufuria iliyooshwa." Bibi akamhurumia. Juma lililopita akaichukua sigara kimyakimya, akaenda nayo dukani kumtafutia ladha nyingine.

Muuzaji, msichana mwenye nywele za rangi ya zambarau, alimuuliza, "Bibi, kitangi hiki ni cha kioo au cha plastiki? Maana mdalasini hutafuna plastiki. Limau pia. Kwanza kinaingia ukungu, halafu nyufa, halafu kinamwaga. Lete nikutazamie."

Ungemwona bibi! Miaka arobaini na moja ameishi na fundi saa, atazamiwe na mtoto wa juzi? Mafundi wa saa wana kipimo chao cha vioo. Unaweka ukingoni mwa mdomo wa chini: cha kioo kinauma kwa baridi, cha plastiki ni vuguvugu. Bibi akakiweka mdomoni palepale kaunta, akafumba macho.

"Kioo," alisema, kama daktari anayesoma kipimo.

"Haya, mtaalamu," msichana akacheka, akamfungia chupa mbili za mdalasini, moja ya akiba.

Mzee aliipenda. Alivuta akasema, "Leo ndiyo nimekuoa upya." Na bibi akatembea juma zima kichwa juu.

Kituoni daktari alimpima Chiriku mapigo ya moyo, akammulika macho, akamsikiliza kifua. Alikuwa kijana, na uso wake haukusema jambo, na uso usiosema jambo ndio unaotisha kuliko yote.

"Ametapika?"

"Hapana."

"Anatokwa udenda?"

"Daktari, huyu anaota meno. Udenda ndiyo kazi yake ya kudumu."

"Amepauka kuliko kawaida?"

Bibi akamtazama. Mtoto aliyemwona tangu siku ya kuzaliwa, sasa hakujua rangi yake ilikuwa ipi. "Sijui," alisema.

"Moyo unakwenda kasi kidogo. Huenda ni kulia, alilia nilipomshika. Kitangi hiki huchukua mililita mbili, na kiasi hicho kwa mtoto wa umri huu si mchezo. Tutamweka hapa, tumwangalie kila baada ya robo saa."

Wakapewa kitanda karibu na dirisha. Chiriku akalaza kichwa kwenye paja la bibi, macho yakaanza kulegea. Ilikuwa saa nane, saa yake ya kulala. Au sumu ilikuwa inafanya kazi. Bibi alimtikisa kidogo.

"Kitendawili!"

Huo ulikuwa mchezo wao. Bibi akisema hivyo, hata mtoto awe anaoga, hata awe na kijiko mdomoni, hujibu kwa sauti ya kupasua paa: "Tea!" Ulimi haukuwa umeiweza bado ile "tega". Hakuwahi kukosa.

"Kitendawili, Chiriku. Nyumba yangu haina mlango, na mwenyewe yumo ndani."

Chiriku alimtazama kwa mbali, kope zikashuka. Hakujibu.

"Nesi!" bibi akaita. "Nesi, hajibu!"

Nesi akaja, akahesabu pumzi, akabonyeza ukucha wa mtoto akaangalia damu ikirudi. "Anasinzia, mama. Mwache. Tunamwangalia."

Akamlaza mtoto kitandani, ukabaki mfuko mapajani mwa bibi. Bibi akaitoa ile sigara, akaigeuzageuza. Mikono ilihitaji kazi. Akainua kitangi hadi mdomoni, kama siku ile dukani: baridi. Baridi ileile! Akashangaa. Kisha akakisogeza juu kidogo, upana wa punje ya mchele, mdomo ukagusa ubavu mtupu wa kitangi. Vuguvugu.

Kulikuwa na pete ya chuma pale juu. Siku ile mdomo wake ulikuwa umegusa pete.

Akairudisha mfukoni taratibu, kana kwamba inaweza kumuuma. Mlango ukafunguliwa akaingia binti yake, mama wa Chiriku, bado kavaa koti la ghala anakofanya kazi, beji inamning'inia kifuani. Hakumsalimia mtu. Alimwinamia mtoto, akaweka sikio mgongoni pake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Baba kaniambia kwenye simu," alisema mwishowe. "Analia. Anasema aliiacha mezani."

"Mwanangu—"

"Nilisema nini, mama? Nilisema kitu kimoja tu siku niliyoileta ile sigara. Nilisema isikae anapofika mtoto."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaosha gari, maji yanamwagika, yanamwagika tu.

Babu aliingia saa tisa na nusu. Alikuja anatembea kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni, mikono imenyooshwa mbele, lenzi bado imesukumwa juu ya paji la uso. Alichobeba ni droo nzima ya meza yake.

"Daktari yuko wapi? Mwiteni. Njooni muone."

Meza ya fundi saa, ukingoni kwake, ina droo bapa inayokaa wazi kidogo, iliyotandikwa kitambaa kizito, kazi yake kudaka skrubu ndogo zinazoponyoka. Babu aliiweka kitandani. Kwenye kitambaa cha kijani palikuwa na doa jeusi lenye unyevu, linanukia mdalasini. Katikati ya doa ililala saa ya mteja wake, dereva wa treni mstaafu. Kioo chake cha plastiki kilikuwa kimeingia ukungu na nyufa za buibui, pacha wa kile kitangi.

"Yalipita kwenye upenyo," babu alisema, pumzi juu juu. "Nilipapasa juu, nilipapasa chini, katikati sikufikiri. Nilipoona kioo cha saa hii ndipo nikajua. Jana kilikuwa kizima, nimekisugua kwa mkono wangu."

"Lakini ni kiasi gani, mzee?" daktari akauliza.

"Subiri." Akatoa mfukoni kipande kingine cha kitambaa kilekile. "Nilichukua sindano ya kutilia mafuta, nikapima mililita mbili za yaleyale yaliyobaki kwenye chupa ya akiba, nikayamwaga hapa kidogo kidogo. Tazama." Akaweka doa juu ya doa. Yalikaribia kulingana. Karibu. Upande mmoja lile la droo lilipungua upana wa kidole.

Wote wanne wakautazama upana ule wa kidole.

"Huenda yamekauka," babu akanong'ona.

"Huenda," daktari alisema. "Na huenda alichovya kidole. Kwa hiyo hatumruhusu bado. Lakini hiki ni kiasi tofauti kabisa na mililita mbili. Umenisaidia sana, mzee."

Babu akakaa kwenye benchi kama mzigo ulioteremshwa. "Ni kosa langu. Mimi na uzembe wangu."

"Si wewe peke yako," bibi alisema.

Akayasema yote: duka, msichana wa nywele za zambarau, swali aliloulizwa, mdomo, pete ya chuma. Alisema akitazama droo. Alipomaliza, babu aliitoa sigara kwenye mfuko wa bibi, akagusa pete kwa mdomo, akagusa ubavu, akaiweka chini.

"Hata mimi ningesema kioo," alisema polepole.

"Usimtetee, baba."

"Simtetei. Nasema nilichokisikia mdomoni."

Binti akamgeukia mama yake. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, sasa hivi usiniambie kitu. Nikijibu nitasema neno tutakalolibeba wote."

"Sawa, mwanangu."

Wakakaa. Nesi alikuja, akaondoka, akaja. Mapigo yakashuka kidogo, akayaandika. Kila nesi alipoandika, bibi alijaribu kusoma uso wake, akashindwa.

Saa kumi na moja kasorobo Chiriku akafumbua macho. Hakulia. Aliangalia dari, akaangalia taa, akaangalia nyuso tatu zilizomzunguka bila kupepesa. Bibi alitaka kumwita kwa mchezo wao, akaogopa. Asipojibu je?

Ni binti aliyeinama. Hakuwa amelitamka neno lile tangu alipokuwa yeye mwenyewe anakalia paja la bibi, na lilimtoka kwa sauti ndogo, ya kukwaruza.

"Kitendawili."

Mtoto akavuta pumzi. Akatoa vidole mdomoni.

"TEA!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaruka. Babu akaficha uso ndani ya taulo lililokuwa bado shingoni mwake tangu alipotoka bafuni. Chiriku akasubiri, macho kodo, akimtazama mama, kisha babu, kisha bibi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kitendawili cha kumpa.