Bonasi ya Elfu Arobaini

…na ukingoja ikujie yenyewe haina bei, ndivyo alivyosema Filemoni wa bodaboda, lakini utangoja mpaka lini, dada Dafroza, si uinunue tu, elfu arobaini, unaingia moja kwa moja penye hela, na sasa kitufe hicho hapo, kwenye mchezo wa kamari wa simuni, Nunua Bonasi, kinawaka na kufifia kama kinapumua, kidole gumba cha Dafroza kiko juu yake, hakigusi, hakiondoki, na foleni ya mbolea mbele yake haijasogea, ukungu wa Makambako umeshuka mpaka watu kumi na wawili walio mbele hawana miguu, wanaelea tu na masweta yao…

“Mtandao wa mbolea ya ruzuku umekata, jamani!” wakala wa pembejeo anaita kutoka dukani. “Subirini urudi.”

Kusubiri, basi, amesubiri mvua, amesubiri mahindi yaote, sasa yamefika magotini na yanageuka manjano, na hela ya kuyaokoa imo humu humu kwenye simu, Clemens aliituma kutoka Tandala anakopasua mbao, ya mifuko miwili hiyo, mke wangu, usiiguse, akitoa arobaini itabaki ya mfuko mmoja na kipande, na mfuko haukatwi kama mkate… lakini ikirudi mara kumi, je, mara ishirini, Filemoni alionyesha picha ya mtu wa Iringa, mara mia, ila picha za waliopata zina watu wa kuzipiga, waliokosa nani anawapiga picha… jana jikoni alijaribu kwa zile hela za uongo wanazokupa uzoee, alinunua bonasi kumi, kwenye ya kwanza peremende zikashuka kutoka juu, nyekundu, samawati, kama mvua ya mawe isiyoumiza, zikapasuka, zikashuka nyingine, tarumbeta zikalia, UMESHINDA, na yeye akacheka peke yake mbele ya sufuria, halafu akatazama vizuri, ameshinda elfu kumi na nane, katoa arobaini kapewa kumi na nane, na bado wanampigia tarumbeta… kati ya kumi, tatu zilirudisha zaidi ya bei, saba hazikurudisha, na mwisho wa hesabu alikuwa chini…

lumbesa, hiyo ni lumbesa, anaona shamba la baba yake kule Njombe, ukungu kama huu, ametoka kumaliza kidato cha nne na wachuuzi wa viazi wamempa sindano ndefu na kamba, anashona, gunia likijaa anaongeza kipande cha gunia jingine juu yake, viazi vinapanda, vinapanda, mpaka gunia lina kichwa na mabega kama mtu, na baba, mzee Hilario, anapita akihesabu kwa furaha, kumi, kumi na moja, Dafroza mwanangu, mwaka huu tumeuza kumi na moja, na viazi vilivyoondoka ni vya magunia kumi na tano, yeye alijua, mikono yake ilijua, hakusema, alikuwa analipwa kwa kila gunia aliloshona… anayepanga ukubwa wa gunia hapati hasara, na hii bonasi nani kaishona, nani kasema bei yake arobaini na si thelathini, mtu anayejua kilichomo ndani…

“Mama Judith, mbona unaikodolea simu kama kuku anayetaka kutaga?” Ni Conjesta, nyuma yake, pumzi yake inanukia chai ya tangawizi.

“Nasoma meseji, mama.”

“Meseji yenye peremende? Kijana wangu Anold naye alikuwa anazisoma hizo. Alizisoma mpaka tukauza nguruwe.”

“Kwani haikumpa kitu?”

“Ilimpa, mwanangu. Ilimpa mara mbili. Ndiyo ubaya wake.”

Na Conjesta anacheka, na Dafroza anacheka naye, lakini kidole bado kipo, ajabu, hesabu anaijua, lumbesa anaijua, na kidole bado kinataka, kinataka nini… kwenye bonasi mizunguko inajizungusha yenyewe, hubonyezi, huamui, dakika mbili nzima vitu vinashuka na kupasuka na hakuna anayesema mama chumvi iko wapi, mama daftari, mama mwenyekiti anakuita, jana mabega yake yalishuka, alihisi kabisa yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo, na yalikuwa ni hela za uongo… za uongo, angeshinda asingepata kitu, angekosa asingepungukiwa, na bado yalishuka… kumbe si hela, si mara kumi wala mtu wa Iringa, ni zile dakika mbili, na wanamuuzia kwa elfu arobaini…

“Mama, nishikie nafasi,” anasema, “nikae hapo kidogo, dakika mbili.”

“Kaa, mwanangu. Kaa hata kumi, nani anakufukuza?”

Anakaa kwenye ngazi ya saruji, baridi inapanda kupitia kitenge, simu ameitia ndani kabisa ya mfuko wa sweta, treni inapiga honi mbali kama ng’ombe aliye usingizini, anafumba macho, hakuna anayemwita, mabega yanashuka, moja, halafu la pili, na dukani wakala anapaza sauti kwamba mtandao bado, foleni inaguna, inasonya, na Dafroza peke yake, kimya kimya, anaomba usirudi upesi.