Kimya Nilichomwekea Arsène

Rafiki yangu Arsène ana sauti ya mtu anayeungama dhambi. Akikuomba chumvi mezani, unampa maji. Kwa sauti hiyohiyo alitaka kumwambia Shekina kwamba anampenda, na mahali alipochagua ni harusini, katikati ya baffle mbili, spika za muziki, kila moja kubwa kama kabati.

Harusi ilikuwa ya Aimée, binamu yake Shekina, mchana, katika salle moja, ukumbi wa mtaa wa Panda. Muziki nilipewa mimi. Siku chache kabla, Arsène alikuja kwetu, mtaa wa Kikula.

"Rolly, nyimbo zako zinafuatana sana. Haziachi hata nafasi ya kumeza mate."

"Harusi njo vile, vieux. Bantu banakuya kucheza, habakuye kumeza mate."

"Weka kimya kati ya wimbo na wimbo. Kidogo tu. Minye nitakuwa karibu naye, nitasema."

"Na ukishindwa?"

"Mwezi ujao anaenda kufanya kazi Kakanda, kwenye migodi. Kule bainjinia benye jeep iko bengi kuliko mbuzi. Nikishindwa, basi."

Nilimhurumia. Nilicheka kwanza, halafu nikamhurumia. Nikachukua telefone nirekodi kimya. Wanaoishi Kikula wanajua nilichopata: jogoo, jirani anatwanga majani ya sombe, mtoto anachapwa, mchungaji na kipaza sauti chake. Kimya cha Kikula kina kelele kuliko orchestre. Mwisho nikatengeneza faili tupu ndani ya ordinateur, kompyuta yangu ya muziki, safi, halina hata pumzi ya mbu. Nikaliita "Arsène", maana lilifanana naye, nikalipachika baada ya kila wimbo.

Siku ikafika. Arsène alisimama kando ya Shekina, ndani ya koti lenye mikono ya mtu mwingine. Wimbo wa kwanza ukaisha. Akafungua kinywa.

"Ooooh!" salle nzima ikalia.

Hapo ndipo tulipokosea wote wawili, kama watu waliozaliwa Ulaya. Kwetu muziki ukikatika, sababu ni moja tu: umeme.

"Courant imeenda!"

Papa Damas, baba yake Shekina, ndiye aliyepewa kulinda groupe, ile mashine ya kutoa umeme, na tangu asubuhi alikuwa anaomba Mungu apate nafasi ya kuiwasha. Alitoka mbio. Nje tukasikia akivuta kamba, akitukana, akivuta tena. Wimbo wa pili ukaanza wenyewe.

"Eeeeh!" Watu wakapiga makofi. Papa Damas akarudi anapangusa mikono, akapokea pongezi zote, hakukataa hata moja. Feni zilikuwa zikizunguka muda wote juu ya kichwa chake. Hakuna aliyezitazama.

Kimya cha pili kilimezwa na Édouard, mwendesha sherehe, ambaye ukimwachia nafasi ya kupiga chafya anaweka hotuba. Cha tatu kilichukuliwa na akina mama wa chorale, kwaya ya kanisa, na cantique yao ndefu, na Arsène naye akajikuta anapiga makofi pamoja nao. Papa Damas sasa alikuwa amehamia mlangoni kabisa, kamba ya groupe mkononi.

Shekina si mjinga. Akamgeukia.

"Arsène, tangu saa ile unafungua kinywa kama samaki. Weye unangojea courant iende, njo useme?"

"Wimbo... wimbo ukiisha."

"Wimbo ukiisha, minye naenda kula. Kama iko maneno, sema sasa. Lalamika, piga kelele!"

"Na muziki hii yote?"

"Muntu mwenye kunipenda hawezi kushindwa na baffle."

Arsène akavuta pumzi hadi koti likamtosha. Mimi niliona kwenye kioo cha ordinateur kwamba wimbo unakwisha. Ningeweza kumwokoa, lakini mkononi nilikuwa na paja la kuku.

"SHEKINA, MINYE NAKUPENDA, NATAKA NIKUOWE!"

Safari hii hakuna aliyesema "Ooooh". Faili langu likafanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Vijiko vilisimama hewani. Hata Édouard alikosa neno, jambo ambalo mke wake bado analisimulia.

"Nani anaambia mtoto yangu vile?" akauliza Papa Damas.

"Minye, papa," Arsène akajibu, amerudia sauti yake ya kuungama.

"Sema nguvu! Sasa hivi sauti ilikuwako."

"Minye, papa!"

"Maneno ya namna hii haisemwe mbele ya baffle. Unakuya kwangu na bakubwa yako, banakaa kwa kiti, njo inasemwa." Akamgeukia binti yake. Salle yote ikageuka naye. "Na weye, Shekina?"

Rumba ikaanza, nguvu zote. Shekina akamwinamia Arsène sikioni, akasema kitu.

Watu walewale waliolaani kila kimya tangu mchana wakasimama kunipigia kelele: "Rolly! Zima muziki! Tunaomba kimya!" Mimi nikapangusa vidole kwanza, kimoja kimoja, maana ordinateur haitaki mafuta. Nilipozima, Shekina alikuwa amekwisha kufika kwenye chakula.

Arsène akanijia mbio.

"Rolly, amesema nini?"

"Sikio ilikuwa ya nani pale? Si yako?"

"Sikusikia! Muziki ilikuwa juu!"

Jumamosi iliyofuata alienda kwa Papa Damas pamoja na baba zake wadogo, wote wamekaa vitini, kuomba jibu alilokwisha kupewa. Nami nilikuwepo, kitu kama hicho sikosi. Shekina akaitwa.

"Nilimuambia ndiyo," akasema. "Yeye akanijibu: 'Hein?' Nikaona, eh, huyu bado anafikiri. Kakanda nitaenda, lakini niende na pete."

Baba wadogo walicheka mpaka viti vikalia. Papa Damas peke yake hakucheka. Alikuwa na neno moja la kuuliza.

"Siku ya harusi, groupe ni minye nitalinda?"

"Ni weye, papa!" Arsène akajibu, na majirani wakasikia.